NANI AMESHIKA LANGO LA MAJI?

Hotuba iliyotolewa kisiwani Remba mbele ya wavuvi, wachuuzi na wakulima wa pwani za Suba na Nyatike



Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini mawakili wamevuka maji kuja kuzungumzia unyunyizaji wa mashamba katika kisiwa kisichokuwa na shamba. Swali hilo ni la haki. Remba ni mwamba. Hapa bati limegusana na bati, na asiye na mahali pa kuweka mguu hawezi kuwa na mahali pa kupanda mboga. Lakini ni kwa sababu hiyo hasa tumekuja. Kila nyanya, kila fungu la sukuma wiki na kila gunia la mahindi linaloliwa katika kisiwa hiki limeletwa kwa boti. Kiangazi kinapouma, bei hupanda, na mama mwenye kibanda cha chakula hapa Remba huwa wa kwanza kujua. Kwa nini? Kwa sababu mkulima wa ng'ambo anangojea mvua, hali akilitazama ziwa lile lile tunalolitazama sisi. Wahenga walisema kweli: penye miti hapana wajenzi.

Tena, wengi wenu si watu wa mwambani peke yake. Mnayo makwenu Mfangano, Rusinga, Gembe, Gwassi, Karungu, Kadem na Muhuru. Mbuta akiadimika, au omena wanapofungiwa msimu kuanzia Aprili hadi Julai, ni huko mnakorudi, na ni huko wake zenu na mama zenu wanakolima. Basi sera ya taifa kuhusu maji ya mkulima mdogo si habari ya watu wa mbali. Ni habari ya chungu chenu.

Neno letu la leo ni moja. Watu wengi hudhani kwamba unyunyizaji ni suala la mifereji, mabomba na wahandisi. Sisi tunasema kwamba kwanza ni suala la katiba. Kabla ya kuuliza mfereji utapita wapi, yatupasa kuuliza: lango la maji limeshikwa na nani? Nani atalifungua, nani atalifunga, na akilifunga kwa uonevu, mkulima atamshtaki wapi? Nchi isiyojibu swali hilo itajenga mabwawa makubwa na watu wake watabaki na njaa.

Mfereji uliochimbwa na wafungwa

Hebu tuanze mwanzo. Unyunyizaji wa kisasa wa serikali katika Kenya haukuzaliwa katika mkutano wa wakulima. Ulizaliwa kizuizini. Katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwatumia mahabusu wa Mau Mau kuchimba mifereji ya Mwea, chini ya Mlima Kenya. Huko Hola, kando ya mto Tana, mahabusu walilazimishwa kufanya kazi katika mradi wa unyunyizaji. Mnamo tarehe 3 Machi 1959 watu 11 miongoni mwao walipigwa na walinzi hadi wakafa. Wakubwa wa wakati huo walijaribu kueleza kwamba marehemu walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulipofichuka uliitikisa hata Bunge la Uingereza.

Hatuyasemi haya ili kuamsha machungu. Tunayasema kwa sababu mtindo uliozaliwa siku zile haukufa siku bendera ilipobadilishwa. Mkoloni aliondoka, lakini meneja wake alibaki.

Mwaka wa 1966 Bunge la Kenya huru lilipitisha Sheria ya Unyunyizaji, na kuunda Halmashauri ya Taifa ya Unyunyizaji. Mwaka wa 1977 zikatungwa kanuni za kuendeshea miradi ya taifa. Sisi tulio mawakili tumezisoma kanuni zile neno kwa neno, na tunaomba mzisikie. Mkulima hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mwenye leseni. Alitakiwa autoe muda wake wote na nguvu zake zote kwa kulihudumia shamba lile, wala asimruhusu mtu mwingine alilime ila kwa idhini ya meneja iliyoandikwa. Alitakiwa atii maagizo ya meneja kuhusu kilimo. Mavuno aliyapeleka mahali alipoagizwa na meneja. Na akipanda kitu ambacho meneja hakukiagiza, meneja aliweza kuamuru kiharibiwe, bila ya fidia.

Ndugu zetu, mtu wa namna hiyo tumwite nani? Si mfanyakazi, maana hana mshahara. Si mwenye mali, maana hana ardhi. Mvuvi maskini kuliko wote hapa Remba, anayevua kwa mtumbwi wa kukodi, anaweza kuamua aende kuvua upande gani wa ziwa na amuuzie nani samaki wake. Mkulima wa Mwea hakuwa na uhuru hata huo.

Vyama vingi mjini, chama kimoja mferejini

Itakumbukwa kwamba mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kiliondolewa, na Kenya ikarudia mfumo wa vyama vingi. Wananchi walicheza barabarani. Uchaguzi ukafanywa mwaka wa 1992, na mwingine mwaka wa 1997. Lakini mkulima wa mpunga aliporudi nyumbani kutoka katika foleni ya kupiga kura, alimkuta meneja yule yule, na kanuni zile zile za mwaka wa 1977. Mpunga aliovuna katika ekari zake nne aliupeleka kwa Halmashauri, nayo ikamkata gharama za maji, za kulimiwa kwa trekta na za mbolea, kisha ikampa kilichobaki. Wanunuzi wa nje walikuwa tayari kumlipa bei iliyo bora zaidi, lakini kanuni zilisema asiwauzie.

Hapo ndipo tunapoona kwamba mageuzi ya siasa yanaweza kusimama nje ya lango la shamba. Mtu aweza kuruhusiwa kumchagua rais na bado asiruhusiwe kuchagua mbegu.

Wakulima wa Mwea walichoka. Mwaka wa 1998 walikataa kuipelekea Halmashauri mpunga wao, wakaupeleka kwa chama chao cha ushirika. Serikali ilijibu kwa polisi, na katika vurugu za mwaka wa 1999 kulikuwa na watu waliopigwa risasi wakafa. Lakini wakulima hawakurudi nyuma. Halmashauri ilisukumwa nje ya uendeshaji, na ushirika ukashika lango la maji kwa mikono yake.

Sasa tuseme ukweli wote, maana kampeni ya haki haijengwi juu ya nusu ya habari. Kushika lango si kazi nyepesi. Ushirika ulipata taabu. Kutengeneza mifereji mikuu kulihitaji mashine na fedha ambazo wakulima hawakuwa nazo. Mashamba mapya yalifunguliwa nje ya mpango, maji yakawa hayatoshi, na walio mwisho wa mfereji wakalalamika dhidi ya walio mwanzoni. Mwaka wa 2003 yalifikiwa maelewano: Halmashauri irudi, lakini ishughulikie mabanio na mifereji mikubwa, nao wakulima, kwa vyama vyao vya watumiaji maji, waendeshe mifereji midogo na kugawana maji wenyewe kwa wenyewe. Mpunga wakauuza watakako.

Tunaomba mlikumbuke fundisho hilo. Wako wanaosema kwamba mambo ya maji ni ya wataalamu, na kwamba mkulima akiachiwa ataleta fujo. Wako pia wanaosema kwamba serikali iondoke kabisa, kila mtu ajitegemee. Mwea imewajibu wote wawili. Mkulima peke yake hawezi kulijenga bwawa. Bwawa la Thiba lililokamilika mwaka wa 2022 lilijengwa kwa fedha za umma, na lilikuwa likihitajiwa miaka mingi. Lakini serikali peke yake nayo haiwezi kugawa maji kwa haki katika shamba la mtu ambaye haimsikilizi. Kazi igawanywe, na mpaka wa kazi uandikwe.

Maji yaliyo chini na shamba lililo juu

Tuje sasa pande zetu. Mwea ina bahati: mito ya Thiba na Nyamindi hushuka kutoka mlimani, na maji hufuata mkondo hadi shambani bila ya kulipiwa. Sisi wa ziwani tuna shida ya namna nyingine. Maji ni mengi, lakini yako chini ya shamba. Ni lazima yapandishwe, na kupandisha maji kunagharimu mafuta au umeme.

Taifa limekwisha kulipia somo hili. Huko Bura, kando ya mto Tana, mradi mkubwa ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wengineo. Ulikusudiwa kufika hekta 6,700; zilizojengwa ni kama hekta 2,500. Maji yalitegemea pampu za dizeli. Pampu zilipoharibika, mashamba yalikauka, na familia zilizohamishwa kutoka mbali zikaachwa jangwani na leseni mkononi. Karibu nasi, mradi wa Ahero ulioanza mwaka wa 1969 huyapandisha maji ya mto Nyando kwa pampu za umeme, na ule wa Kano Magharibi, wa mwaka wa 1976, huyatoa katika ziwa hili hili. Karibu na mwaka wa 2000 mashamba hayo yalisimama; deni lilizidi nguvu za mkulima, na iliwapasa watu wangoje miaka kadhaa ndipo uzalishaji ufufuliwe.

Na bado tamaa ya mambo makubwa haikuisha. Mwaka wa 2014 nchi iliahidiwa ekari milioni moja za Galana na Kulalu. Kilichoanza ni shamba la mfano la ekari 10,000, na mwaka wa 2019 mkandarasi alikuwa amekwisha kuondoka kazi ikiwa haijakamilika. Fikirini mara moja: fedha za shamba moja la namna ile zingenunua pampu ndogo ngapi kwa akina mama wa Gwassi na Karungu?

Hatusemi kwamba kila mradi mkubwa ni mbaya. Katika kaunti hii ya Homa Bay tunao mradi wa Kimira na Oluch, uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika na kusimamiwa na Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa. Ulipangwa kwa hekta 1,474: hekta 808 za Kimira kwa maji ya mto Awach Kibuon, na hekta 666 za Oluch kwa maji ya mto Awach Tende. Maji hushuka yenyewe kwa mfereji. Jambo la thamani kuliko yote ni kwamba mkulima amebaki katika shamba la babu yake. Hakugeuzwa kuwa mwenye leseni. Upande wa Migori, katika Nyatike, maji ya mto Kuja ambayo kwa miaka mingi yaliwafurika watu na kubomoa nyumba zao yameanza kuelekezwa mashambani kwa mradi wa Kuja ya Chini. Mambo haya tunayapongeza. Lakini mifereji hii haitafika Mfangano, wala haitaipanda miinuko ya Gwassi. Kwa watu wengi wa pwani hizi, unyunyizaji utakuwa pampu ndogo, bomba la mita mia moja au mia mbili, na bustani ya nusu ekari. Sera ya taifa isiyoiona bustani ya nusu ekari haituoni sisi.

Siku hizi pampu za jua zimefika madukani. Jua hatulinunui. Lakini pampu yenyewe inanunuliwa, na bei yake ni mzigo kwa mtu mmoja. Mkopo wa benki unataka hatimiliki, na hatimiliki mara nyingi imo katika jina la marehemu baba au la kaka, ilhali jembe limo mkononi mwa mama. Hapo sheria na shamba vimeachana, na hapo ndipo dau la mnyonge lisipokwenda joshi.

Mkataba wa mwaka wa 1929

Liko jambo jingine ambalo watu wa ziwani wamelisikia kama uvumi, nasi tungependa kulieleza kisheria. Mnamo tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilipeana barua zilizokuwa mkataba. Mkataba huo ulisema kwamba katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, pasifanywe kazi za unyunyizaji au za umeme katika mto Nile, matawi yake na maziwa yanayoulisha, zitakazodhuru maslahi ya Misri, ila kwa makubaliano na Misri. Hakuna mtu wa Mfangano aliyeulizwa. Hakuna mzee wa Kadem aliyetia kidole.

Mwalimu Nyerere aliukataa urithi huo tangu Tanganyika ilipopata uhuru wake. Alishikilia kwamba nchi huru haiwezi kufungwa na mikataba ambayo mkoloni aliiweka kwa niaba yake. Kenya nayo ilifuata njia inayofanana na hiyo baada ya mwaka wa 1963. Mwaka wa 2010 nchi za bonde la Nile zilifungua mkataba mpya wa ushirikiano, unaotaka matumizi ya haki kwa kila nchi bila ya kuwadhuru wengine. Kenya ilitia sahihi mwezi huo huo wa Mei 2010. Mkataba ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudani Kusini kuwa nchi ya sita kuuridhia. Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda na Burundi zilikuwa zimetangulia. Siku ile, jina la Kenya halikuwamo katika orodha ya walioridhia.

Tunasema hivi: serikali inayowaambia wakulima wachimbe mifereji, lakini ikachelewa miaka 14 kuridhia mkataba unaoilinda mifereji hiyo, inasema kwa midomo miwili.

Sheria tuliyo nayo mkononi

Ndugu zetu, msidhani kwamba tumekuja kuomboleza tu. Kipo tulichokipata, na kilipatikana kwa jasho na damu ya waliodai mageuzi. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na haki ya maji safi ya kutosha. Kifungu cha 62 kinasema kwamba mito na maziwa ni ardhi ya umma, inayoshikwa na serikali ya taifa kwa amana ya watu wa Kenya. Neno ni amana. Mwenye kushika amana si mwenye mali. Na Jedwali la Nne limekabidhi kilimo kwa kaunti, huku usalama wa mabwawa na ulinzi wa maji ukibaki kwa taifa.

Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016 imerudia kwamba vyanzo vya maji vinashikwa na serikali kwa amana. Mtu anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Lakini anayeweka mitambo ili anyunyizie shamba yampasa awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tunawasihi msilipuuze jambo hili. Leo pampu ni chache na hakuna anayeuliza. Kesho, akija tajiri na shamba la ekari mia tano na kibali mfukoni, mwenye pampu ndogo isiyo na kibali ndiye atakayeitwa mwizi wa maji.

Kisha ikaja Sheria ya Unyunyizaji ya mwaka wa 2019, iliyoifuta ile ya mwaka wa 1966. Halmashauri ya zamani ikageuzwa kuwa Mamlaka ya Taifa ya Unyunyizaji. Sheria hii inatambua vyama vya watumiaji maji ya unyunyizaji, na inazipa kaunti nafasi ya kuwa na vitengo vyao vya unyunyizaji. Ni hatua kubwa. Lakini sheria ni kama nyavu: ikikaa nyumbani imekunjwa, haivui kitu. Ni vyama vingapi vya watumiaji maji vimeandikishwa katika pwani hizi? Ni nani aliyewahi kusomewa sheria hiyo kwa lugha anayoielewa?

Tudai nini, tufanye nini

Kwanza, tunadai kwamba kaunti za Homa Bay na Migori ziyaweke maji ya mkulima mdogo katika bajeti, kwa fungu lake linaloonekana. Nanyi mjue kalenda. Taarifa ya mpango wa fedha wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Anayekwenda kulalamika mwezi wa Julai amekuta boti limekwisha kung'oa nanga. Vikao vya kusikiliza wananchi visifanywe mjini tu. Vifanywe na ufuoni, na visiwani.

Pili, tunadai kwamba pampu ndogo ipewe heshima sawa na bwawa kubwa. Fedha za umma zichangie bei ya pampu za jua kwa vikundi, na mkopo usidai hatimiliki pale ambapo kikundi chenyewe ni dhamana. Wakulima nao wasingoje. Watu kumi wenye bustani zinazopakana waunde chama, wakiandikishe, na kibali cha maji kiombwe kwa jina la chama. Kibali cha watu kumi ni vigumu kukikanyaga kuliko cha mtu mmoja.

Tatu, asihamishwe mtu yeyote katika ardhi yake kwa jina la maendeleo bila ya fidia ya haki, kama kifungu cha 40 cha katiba kinavyotaka. Na Mkenya yeyote asigeuzwe tena kuwa mwenye leseni katika nchi yake. Mama alimaye awe mwanachama kwa jina lake mwenyewe, na kamati za maji zifuate sharti la katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti.

Nne, na hili tunawaambia hasa wavuvi. Kamati za maji zisikae bila ninyi. Mbolea na dawa zinazooshwa kutoka mashambani huishia ziwani, hulisha magugu maji na kuwaumiza samaki. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda kupita kiwango kilichowahi kupimwa, likameza bustani na nyumba zilizokuwa ukingoni. Kwa hiyo bustani zikae mbali na ukingo, miti na nyasi za ukingoni ziachwe, na kamati zenu za ufuo, zile BMU, ziwe na kiti katika kila chama cha maji. Mkulima anayemwua samaki wa jirani yake anaua soko lake mwenyewe.

Kwa maana soko ni ninyi. Remba haina shamba, lakini ina vinywa maelfu na fedha taslimu ya kila siku. Ni wakulima wangapi wa bara walio na soko la uhakika namna hiyo? Wachuuzi wa hapa na vikundi vya wakulima wa ng'ambo wanaweza kuandikiana mapatano ya kawaida tu: mboga kiasi gani, siku gani, kwa bei gani ya kiangazi. Karatasi hiyo moja humpa mkulima ujasiri wa kununua pampu kuliko hotuba kumi za waheshimiwa.

Tano, tunadai mikataba iwekwe wazi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mradi wowote wa maji unaojengwa kwa mkopo ni deni la watoto wetu. Tuonyeshwe umekopwa kwa nani, umekabidhiwa kwa mkandarasi gani, na nani atalipa gharama za pampu siku wafadhili watakapoondoka. Asiyejibu swali hilo la mwisho asipewe ruhusa ya kuanza.

Sita, tunadai kwamba Kenya iuridhie mkataba wa bonde la Nile, ili maji haya tuyatumie kwa haki pamoja na majirani zetu wa Uganda na Tanzania, na pamoja na ndugu zetu wa Sudani na Misri wanaoyategemea pia. Hatutaki kumnyima mtu maji. Tunakataa tu kuomba ruhusa kwa barua ambayo hatukuiandika.

Bwana Mwenyekiti, demokrasia haikudaiwa ili watu wabadilishane viti Nairobi. Ilidaiwa ili mtu mdogo awe na neno juu ya mambo yanayomlisha. Wakulima wa Mwea walilielewa hilo kabla ya wanasiasa wengi. Sasa zamu ni ya pwani hizi. Mkirudi makwenu, ulizeni katika kila ufuo na kila kijiji swali lile moja: lango la maji limeshikwa na nani? Ikiwa jibu ni kwamba halijulikani, basi hapo ndipo kazi yenu inapoanzia. Andikeni majina ya watu kumi, chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mtuletee. Kazi ya kuandika katiba ya chama na ombi la kibali tutaifanya pamoja nanyi, bila ya malipo.